Mwenye Shairi Ananyamaza

Siku ya Mungu, tarehe 7 septemba

Kaye hii ya kuandikia nimejinunulia mimi mwenyewe. Binti yangu Ketsia iko na yake, anaandika kila siku, anasema mukono ya mwandishi isipofanya kazi inalala. Basi yangu italala kwa nini? Nilisoma mpaka mwisho wa primaire kule Bule, kijiji yetu, na mu darasa yetu mimi njo nilikuwa ninaandikia wengine barua zao, hata zile za mapendo.

Sasa habari yenyewe. Ketsia iko mushairi. Si mimi ninasema, ni watu. Ameingia mu groupe ya WhatsApp inaitwa Chungu Moja, vijana wa Bunia na wa miji ingine, kila mutu anatia shairi yake na wengine wanaionja. Leo ametia yake ya kwanza. Watu kumi na moja wameweka moyo mwekundu. Kijana mmoja, Yves, njo mukubwa wa groupe, ameandika: “Dada, unatoka wapi na maneno haya?”

Nilimwambia Ketsia amujibu hivi: ninatoka kwa Mama.

Siku ya pili, tarehe 9

Mvua. Réseau ya telefone hakuna. Maharagi yangu ya kuuza imepata maji kidogo, si mbaya.

Siku ya tatu, tarehe 17

Ku soko leo mwalimu mmoja alisimama mbele ya maharagi yangu, Ketsia alikuwa pembeni ananisaidia. Akamuangalia: “Na weye, uko darasa gani?” Nikasema anamalizisha humanités, sekondari yake, mwaka huu, iko wa pili mu darasa, wa kwanza ni mutoto wa préfet, mukubwa wa masomo, kwa hiyo muhesabu wenyewe. Akauliza: “Unapenda kusoma?” Nikasema anapenda sana, anasoma hata karatasi ya sabuni. Yule mwalimu akacheka, akanunua vikombe tatu.

Bernadette, jirani yangu wa soko na wa kanisa, akasema: “Mama Ketsia, na mimi ningependa kuuliza huyu mutoto kitu, lakini ninaona barabara imefungwa.” Hii ni wivu. Watoto wake wanacheza mupira tu.

Siku ya Mungu, tarehe 28

Nimeingia mu groupe.

Ilikuwa hivi. Telefone ya Ketsia ilianguka ku ndoo ya maji, nikamupa yangu. Yake ilipokauka akarudisha yangu, na Chungu Moja ilikuwa imebaki ndani. Nikamwandikia Yves: “Mimi njo mama ya mushairi, uniache humu.” Akajibu: “Karibu sana Mama, chungu ni ya wote.” Kijana mwenye adabu. Ketsia alishika kichwa, lakini alikuwa anacheka.

Sasa ninaelewa desturi yao. Ukionja shairi ya mwenzako unasema mambo matatu: kitu gani ulipenda, kitu gani imekosa, kisha unauliza swali moja. Na mwenye shairi ananyamaza. Hajitetei. Anangoja mpaka kila mutu amalize kuonja, njo anafungua kinywa. Niliona ni desturi muzuri, ni kama ukipika ugali: haukimbii nyuma ya mugeni kumuelezea.

Siku ya posho, tarehe 4 oktoba

Leo nimelia na kucheka siku moja.

Ketsia ametia shairi inaitwa “Mama Yangu”. Ni mimi. Nimeiandika hapa yote, ili ibaki hata telefone ikienda tena ku maji:

Mama yangu ni jua ya asubui,
mama yangu ni kisima isiyokauka.
Hajachoka, hajakosa, hajalia,
mikono yake inalisha mukoa.

Mukoa muzima. Nilimusomea Marcellin, mume wangu, yeye iko fundi wa mbao, mutu wa maneno kidogo. Aliacha randa, akasikiliza, akasema: “Mukoa ni mingi kidogo.” Nikamwambia shairi si mbao, haipimwe na mètre.

Kisha nikachukua telefone, nikaisomea Bernadette. Kisha wamama wenzangu wa chorale ya kanisa. Kisha pasteur.

Siku ya kwanza, tarehe 6

Nilale vipi. Kuna mutu mu groupe anaitwa Kanyere, wa Butembo, iko anauza mikate kule na anaandika mashairi ya kuchoma. Leo asubui ameonja shairi yangu. Nimesema yangu, ni ya Ketsia. Aliandika hivi:

“Nimependa kisima, niliona maji. Kitu imekosa: huyu mama hapumui. Hajakosa hata siku moja? Hajasahau hata chumvi? Ni mama wa kalenda, ule wa kutundika ku ukuta. Swali yangu kwa Ketsia: mama yako anakukasirisha ku nini?”

Na wengine wakakubali. Wakakubali. Yves aliandika: “Swali ya dada Kanyere ni muzuri sana.” Mutu mwingine: “Ndiyo, mutupe mama wa kweli.”

Mimi niko hai, niko hapa Bunia, mu mtaa wa Ngezi, ninapumua tangu nizaliwe. Nikashika telefone nikatuma vocal, message ya sauti. Niliwaambia kila kitu: kama Ketsia hana shida hata moja na mimi, kama ile kisima ni ya kweli, kama huko Butembo labda wamama wanasahau chumvi lakini siye hapana. Nilisema muda murefu, na nilisema vizuri.

Yves akajibu: “Mama, utusamehe, mvua ilikuwa inapiga bati. Tumesikia mvua tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.”

Kanyere akaandika: “Lakini ni mvua yenye nguvu. Nimeipenda. Haijakosa kitu.”

Wakaweka mioyo kumi na tatu ku mvua yangu.

Nikaandika tena kwa maneno. Yves, pole pole: “Mama, kumbuka desturi, mwenye shairi ananyamaza.” Nikamujibu mimi si mwenye shairi. Akaandika: “Njo vile, Mama. Hata mwenyewe ananyamaza.”

Ketsia aliporudi ku masomo nilimwambia: nimekujibia. Alisema: “Niliona, Mama.” Akaenda kuteka maji.

Siku ya pili, tarehe 14

Kanyere ametia shairi juu ya mukate yenye ilibaki bila kuuzishwa. Ni muzuri, sikumwambia.

Siku ya posho, tarehe 18

Furaha kubwa. Chungu Moja itakutana macho kwa macho. Tarehe 29 novemba, siku ya posho, njo Jumamosi, saa nane ya mchana, mu salle ya paroisse ku Lumumba, hapa hapa Bunia. Kila mutu atasoma shairi moja mbele ya watu. Hata Kanyere atakuja kutoka Butembo, kama barabara inakubali.

Yves alipita kwetu kuuliza. Akasema: “Ketsia, utakubali kusoma?” Nikasema atasoma. “Utasoma gani?” Nikasema ile ya mama, watu wengi wameiomba. “Utasoma ya tano ao ya mwisho?” Nikasema ya mwisho, kitu tamu inakuja mwisho.

Yves alikuwa anamuangalia Ketsia wakati wote. Muke anajua macho ya namna ile, nitaichunguza.

Nimeanza kualika. Chorale yote inakuja, na tutavaa kitenge moja.

Siku ya ine, tarehe 23

Mvua, soko ndogo. Nimealika pasteur na muke wake. Nimealika yule mwalimu wa vikombe tatu. Bernadette anasema kama salle haitoshi tutoboe ukuta.

Siku ya posho, tarehe 8 novemba

Leo ninaandika mingi. Marcellin iko ku atelier, Ketsia ku masomo ya ziada, nyumba iko yangu na mvua.

Asubui Ketsia ametia shairi ya mupya. Kichwa ni “Mama Anajibu”. Nilifungua na furaha, niliona mama, nikajua ni mimi tena. Niliketi juu ya gunia ya maharagi kabisa ili nisome vizuri.

Wananiuliza jina, mama anajibu.
Wananiuliza darasa, mama anajibu.
Muganga ananiuliza: inakuuma wapi?
Mama anashika tumbo yake, anasema: hapa.

Mwenye duka anauliza nichague rangi gani.
Mama anasema: anapenda bleu.
Nimevaa bleu tangu ule mwaka.

Juzi, njia ya masomo, mimi peke yangu,
nilijiuliza mu moyo:
Ketsia, unataka nini?
Nikangojea mama ajibu.

Niliisoma nikacheka kwanza, juu ya tumbo, maana ni kweli nilishika tumbo. Kisha nikafika ku mwisho na kicheko ikakauka.

Mu groupe ilikuwa sikukuu. Sijaona vile. Yves aliandika tu: “Nimesimama.” Watu walikuwa wanaitia tena na tena mustari ya mwisho. Na Kanyere, ule wa kuchoma, aliandika: “Nimependa yote. Sijaona kitu imekosa. Sina swali. Chungu imeiva.”

Mimi niligeuza telefone uso chini.

Nilikuwa na hasira, niseme ukweli. Nimealika chorale. Nimealika pasteur. Wote wanangojea jua na kisima, na sasa nitaketi mbele na kitenge ya mupya, wasikie kama mimi niko mufuniko ya kinywa ya binti yangu. Nilienda ku atelier. Nilimuuliza Marcellin: “Mimi ninajibiaka watu?” Alifikiri, akafungua kinywa, nikamwambia: “Hapana, mimi ninasaidia tu.” Akafunga kinywa. Alirudia kazi yake. Kisha akasema, bila kuinua macho: “Nilikuwa karibu kusema.”

Nilirudi nyumba na mvua kichwani.

Hakuna mutu anaweza kuniambia kama sikuwa na sababu. Mwaka vita ilitukimbiza kutoka Bule, Ketsia alikuwa na miaka kenda. Tulifika hapa Bunia na nguo za ku mwili tu. Na huyu mutoto hakusema neno. Siku, juma, miezi. Ku kambi ya wakimbizi watu wa musaada walikuwa wanapita na karatasi: anaitwa nani, anakula, analala, anaona ndoto? Walikuwa wanainama mbele yake, wanangoja, naye anawaangalia tu, na mimi niliona ku macho yao wanaanza kuandika kitu kibaya juu ya mutoto wangu. Njo nikaanza kujibu. Anaitwa Ketsia. Anakula. Analala. Anapenda rangi ya bleu. Hii ya bleu sikuwa na uhakika, lakini mutoto mwenye anapenda rangi ni mutoto muzima, sivyo?

Nilijibu kwa haraka ili kimya yake isiwe na nafasi ya kuketi.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Baada ya kanisa tulikuwa tunachagua maharagi, mimi na yeye, sahani moja. Mawe huku, mabovu huku. Akasema: “Mama, umeisoma.” Nikasema ndiyo. Tukachagua. Akasema: “Imekuumiza.” Nikasema hapana, haraka sana. Akanitazama.

“Nitasoma ile ya kwanza,” akasema. “Ya kisima. Nitamwambia Yves.”

Nilipaswa kusema kitu. Weye mwenye unasoma hii kaye, labda wajukuu wangu, mujue bibi yenu alikuwa na neno kwa kila jambo, lakini pale sikusema kitu. Maana nilitaka. Nilitaka asome ile ya kisima. Niliona chorale yote inasimama, niliona Bernadette anakosa pa kuweka macho. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ilikuwa jibu.

Ketsia akasema: “Sawa.” Aliendelea kutoa mawe.

Siku ya pili, tarehe 11

Ketsia haandiki. Kaye yake iko juu ya kabati.

Siku ya tano, tarehe 14

Yves ameuliza mu groupe: “Ketsia, umebadirisha? Kweli?” Hakujibu. Nilikuwa na kidole juu ya telefone ili nimujibie. Nikaiweka chini ya gunia, kisha nikaketi juu ya gunia.

Siku ya kwanza, tarehe 17

Bado kaye iko juu ya kabati. Nimefuta vumbi juu yake. Bernadette ananiuliza ginsi gani uso yangu imekuwa kama samaki ya jana.

Siku ya ine, tarehe 20

Sikuenda soko. Nimepitisha mchana yote juu ya message moja. Sikutuma vocal, nilitaka maneno isikike bila bati. Niliandika kwa desturi yao, mambo matatu, nimeinakili hapa:

“Mimi Mama Ketsia, leo ninaonja. Kitu nilipenda: nafasi ya muganga. Ni kweli nilishika tumbo yangu, na ilikuwa inaniuma kabisa. Kitu imekosa: shairi haiseme kama huyu mutoto alikuwa amenyamaza miezi mingi. Watu walikuwa wanauliza na hakuna sauti. Kama mama hakujibu, nani angejibu? Swali yangu: mushairi anaweza kuitia ndani, hata mustari moja? Na kitu ya ine, munisamehe ni juu ya desturi: asome hii, asisome ya kisima. Ya kisima ni mimi ya kutundika ku ukuta.”

Nikatuma. Kisha nikazima telefone juu ya woga.

Siku ya tano, tarehe 21

Niliifungua asubui. Mioyo, sijui ngapi. Kanyere alikuwa ameandika: “Mama, nilikuomba mama wa kweli, sikujua ataniandikia mwenyewe.” Niseme nini. Huyu binti wa Butembo akija nitamupikia sombe ya majani ya muhogo.

Ketsia alikuwa amengoja mpaka wote wamalize, kama desturi inataka. Kisha akaandika:

“Asante kwa wote. Asante Mama Ketsia kwa kuonja. Nimefikiri usiku na asubui. Hii mustari sitaitia. Kimya ile naikumbuka, na kujibu kwako ilinishika kama mukono. Lakini nilianza kusema tena mbele Pasaka ya ule mwaka ifike. Shairi yangu inaanza pale. Nitaisoma.”

Mbele ya Pasaka.

Nilianza kuhesabu miaka yenye nilimujibia tangu Pasaka ile, na nikaiacha. Nilimukuta inje anafunga viatu. Nikamuuliza: “Neno ya kwanza ilikuwa nini?” Akafikiri. “Niliomba chumvi. Ulikuwa unaongea na mama mwingine.”

Nilimufungia kiatu ya pili, binti mukubwa wa miaka kumi na saba, na aliniacha nifunge. Alipopita ku mlango niliona kaye yake chini ya mukono.

Siku ya posho, tarehe 29

Nimerudi sasa hivi, kitenge bado iko ku mwili, nitaandika mbele habari haijapoa.

Asubui mvua ilipiga kama inalipwa. Nilisema hakuna mutu atakuja. Walikuja wote. Chorale ilikuja na viatu mikononi, pasteur alikuja na botte za mvua, yule mwalimu alikuja, na Kanyere alikuwa amefika tangu jana, ni mufupi, ana sauti ndogo, nilikuwa nimemufikiria murefu. Alinipa mukate. Nilimwambia hii mukate haijakosa kitu, na akacheka mpaka akashika ukuta.

Wote walisoma vizuri. Yves alisoma kitu juu ya mutu fulani mwenye anavaa bleu, na nimeshaichunguza.

Kisha mwisho, Ketsia. Alivaa njano. Sijui alitoa wapi ile robe, sikuuliza. Alisimama bila karatasi.

Mustari ya kwanza, wamama wa chorale walinigeukia na meno inje, wakingojea kisima. Ya pili, meno ikaingia. Alipofika ku muganga na tumbo, Bernadette alianza kucheka, alicheka mpaka kiti ililia, na salle yote ikamufuata, na mimi pia, maana wote wakicheka bila mimi nitaonekana nimekasirika. Na kisha mwisho. “Nikangojea mama ajibu.” Kisha makofi, na makofi yangu ilikuwa ya kwanza. Hii sitakubali mutu abishane.

Yves akasema watu wanaweza kuuliza. Bernadette akasimama, bila shaka, na kitenge yake sawa na yangu: “Ketsia, mwanangu, utueleze. Huyu mama wa shairi, unamukasirikia ao unamupenda?”

Na salle yote, watu wote hawa, hawakumuangalia Ketsia. Waliniangalia mimi. Walikuwa wanangoja kinywa yangu, na kinywa yangu ilikuwa imejaa, nilikuwa na jibu murefu na muzuri, na mifano. Nilishika kiti kwa mikono mbili. Kanyere pembeni yangu aliona, akaweka mukono yake ndogo juu ya yangu.

Ketsia hakuharakisha. Aliangalia juu, aliangalia Bernadette. Muda ulienda. Mimi nilifikiri, sasa wataandika kitu kibaya juu yake, sasa. Hakuna mutu aliandika kitu. Walingoja.

Akasema: “Vyote viwili, Mama Bernadette. Lakini leo zaidi ni kupenda, maana ninaona namna anashika kile kiti.”

Siku ya Mungu, tarehe 30 novemba

Baada ya ibada watu walimuzunguka Ketsia ku mlango wa kanisa. Pasteur mwenyewe. Bernadette akauliza: “Utasoma tena lini, siye tujitayarishe?”

Ni siku yenye inatangulia Noël, mu salle ile ile, na redio itakuja. Aliniambia jana tulipokuwa tunakula. Ninajua tarehe, ninajua saa, ninajua atasoma gani.

“Sijue bado vizuri,” Ketsia akasema, kwa sababu anapenda kuficha mambo kidogo.

Wote wakanigeukia. Nikaangalia viatu vyangu, ni viatu vizuri sana.